Muuzaji Asiye na Mlango
Jirani yangu wa Mbagala, ambaye riziki yake ni kuchapa barua na kutoa nakala, aliagiza diski ya kompyuta kutoka duka la mtandaoni, akatanguliza thamani yake yote kwa fedha za simu, na alipoipokea kwa kijana wa bodaboda akaitikisa, akasikia kitu kikigonga ndani mfano wa punje ya mahindi katika kopo. Naye muuzaji, asiye na mlango wa kubishwa hodi wala baraza ya kukaliwa, akajibu kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, kisha akaizima simu. Sokoni Kariakoo, pamoja na zahama zake, mtu hurudi na risiti akaonana ana kwa ana na aliyepokea fedha. Jawabu lile ni dhuluma, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 imeharimisha kumhadaa mlaji, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 imeitambua rasmi mikataba ifungwayo mtandaoni. Basi, ewe msomaji, hifadhi ujumbe wa malipo, kipige picha kifurushi kabla hujakifungua, na ukidhulumiwa usinyamaze: peleka shauri lako Tume ya Ushindani.