Zamu ya Baba

Mama mmoja alitujia baada ya darsa. Mwanawe ana selimundu; kila maumivu yakimshika hulazwa siku nne, tano. Likizo ya mama ya mwaka, siku 21, imekwisha yote wodini, na mwajiri ameanza kununa. "Baba yake yuko kazini," akatwambia, kana kwamba yeye hayuko.

Mtume (s.a.w.) alipotoka kwenda Badri, mwaka wa 2 Hijria, bintiye Ruqayya alikuwa mgonjwa. Alimwacha nyuma mumewe, Sayyidna Uthman, amuuguze, na fungu lake la ngawira akapewa kama waliopigana.

Akina baba, ombeni nanyi ruhusa kazini, japo siku mbili.

Mume wa mama yule tumemwita Ijumaa, baada ya swala.