Baada ya filamu, nani ashike maikrofoni?

Kupaza sauti za wanyonge! Maneno haya tumeyazoea mpaka yamekuwa kama salamu. Yako kwenye mabango, yako kwenye statasi zetu. Halafu siku ya kongamano ikifika, tunakutana hotelini, mwanasheria anaongea nusu saa, mheshimiwa anaongea zaidi, na yule mama aliyepotezewa mtoto anapewa dakika tatu "kwa sababu ya muda". Huyo tumempazia sauti gani?

Chukueni kisa cha Wagalla. Wengi wetu hatukuwa tumezaliwa Februari 1984. Kuanzia tarehe 10 mwezi huo, vikosi vya usalama viliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia huko Wajir na kuwapeleka kwenye kiwanja cha ndege cha Wagalla. Wakavuliwa nguo, wakalazwa juani siku kadhaa bila chakula wala maji, na wengi wakauawa. Serikali ikasema waliokufa ni 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ikaja kukadiria karibu watu 1,000 katika ripoti yake ya 2013, na wenyeji wanasema ni wengi zaidi ya hapo. Na mjue kwamba Kaskazini ilikuwa bado chini ya sheria za hali ya hatari hadi 1991. Mtu angelalamika wapi?

Walioanza kuuvunja ukimya ni wenyewe. S. Abdi Sheikh, mtu wa Wajir, aliandika kitabu kizima, Blood on the Runway. Manusura na wajane wakaenda mbele ya tume wakasema waliyoyaona. Mwaka 2015 Judy Kibinge akatoa filamu ya makala, Scarred: The Anatomy of a Massacre, na hapo hata mtu wa Nairobi asiyejua Wajir iko upande gani akakutana uso kwa uso na wazee wale. Ripoti ya tume ni mavolyumu na mavolyumu, nani kati yetu ameisoma? Lakini mzee akinyamaza katikati ya sentensi mbele ya kamera, huwezi kumruka kama unavyoruka ukurasa. Idadi ya waliokufa watu watabishania, lakini ule unyamavu utaubishia vipi?

Machi mwaka huohuo, Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi Bungeni kwa dhuluma za serikali zilizopita na akatangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa waathiriwa. Sisemi ni filamu iliyoleta radhi hiyo. Ilitokana na watu waliopiga kelele miaka thelathini, na filamu iliwaongezea spika tu. Na pesa zenyewe? Manusura wamezeeka wakizisubiri.

Ndio maana mimi naona kazi kubwa inaanza taa zikishawashwa. Tunaangalia, tunafuta machozi, tunapiga selfi, tunaenda nyumbani. Hapana. Ukionyesha filamu ya Wagalla, wa kwanza kuongea awe manusura au mtoto wake, na aongee Kisomali kama ndicho kinachomtoka. Tutafute mkalimani wa kututafsiria sisi, sio yeye ahangaike na Kiingereza ili atufurahishe. Kina mama wasiwekwe nyuma ya pazia la ukumbi halafu tuseme "hawakuwa na maswali". Wajane ndio waliobeba mzigo huu miaka yote, na wana maswali mengi kuliko sisi.

Jambo jingine ni hizi simu zetu. Siku hizi kila mtu ni mtengenezaji filamu, na hilo ni zuri. Lakini kumfuata mtu aliyefiwa, kumrekodi akilia, ukapandisha video kabla hujamuuliza jina lake, huko ni kumdhulumu mara ya pili. Muulize kwanza. Mwambie itaonekana na nani. Kuna anayeogopa maafisa watamrudia usiku, na hofu yake ina msingi. Mei 2025 watengenezaji filamu wanne walikamatwa hapa Kenya, wakihusishwa na makala ya BBC kuhusu vijana waliopigwa risasi nje ya Bunge Juni 2024. Onyesho la makala hiyo Nairobi lilikuwa limeshafutwa. Serikali inajua filamu ina nguvu, pengine kutushinda sisi.

Wala tusingoje mfadhili. Projekta ya kukodi, shuka jeupe, spika ya madrasa, viti vya plastiki baada ya Isha, tayari. Ruhusa ya mwenye filamu iombwe, haki yake nayo ni haki, na kibali kifuatwe mapema ili asije mtu kutuzimia mitambo katikati.

Februari 10 haiko mbali. Mtaa wowote wenye watu wa Wajir, uwe Eastleigh, Garissa au Mombasa, unaweza kuandaa usiku mmoja wa Wagalla. Mbunge aalikwe, akae kiti cha mbele, asikilize kwanza mpaka mwisho. Zamu yake ikifika, aulizwe swali moja tu na mmoja wa wajane: zile bilioni 10 ziko wapi?