Butembo na Beni: Mtoto akitoka masomo, anabaki na nani?

Saa za mchana, barabara za Butembo na Beni zinajaa nguo nyeupe na bluu. Wanafunzi wa zamu ya asubuhi wanatoka, wale wa mchana wanaingia. Wengi wanaorudi nyumbani hawakuti mtu. Mama yuko sokoni ao shambani, baba yuko kwenye pikipiki. Ufunguo uko chini ya jiwe, chakula ndani ya sufuria, na mkubwa wa nyumba ni Masika, binti wa kwanza, mwenye miaka tisa.

Wazazi wanauliza: mtoto anaweza kubaki peke yake akiwa na miaka mingapi? Sheria ya Kongo ya kulinda mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009, inamhesabu kila asiyefikia miaka 18 kuwa mtoto. Lakini hakuna familia, Mulekera ao Bulengera, inayoweza kungoja miaka 18 ndipo mama atoke kutafuta chakula. Kumlaumu mama huyo ni rahisi, na hakumsaidii mtoto.

Hesabu ya miaka haitoshi. Kule kijijini watoto walishinda bila wazazi, na hakuna aliyesema wameachwa. Mama mkubwa alikuwa nyuma ya nyumba, mzee alikaa mlangoni, na jirani alimjua kila mtoto kwa jina na alikuwa na haki ya kumkemea. Hicho ndicho familia nyingi zimepoteza, tangu mauaji ya eneo la Beni yalipoanza mwaka 2014, na tena tangu M23 ilipofika Kanyabayonga na kusini mwa Lubero mwaka 2024. Leo wamepanga chumba mahali ambapo jirani hajui hata wametoka wapi. Mtoto aliyekuwa salama kijijini hayuko salama hapa. Miaka yake ni ile ile; macho yaliyomzunguka ndiyo yameondoka.

Basi macho hayo yatafutwe, na yaombwe kwa mdomo. Kudhani kwamba jirani ataangalia hakutoshi. Mama amfikie asubuhi, amwoneshe watoto, amwachie namba ya simu. Jirani naye akubali ao akatae wazi. Na mwenyeji asingoje kuombwa: mkimbizi anaona haya kuomba kitu kingine tena kwa mtu aliyekwisha kumpa mahali pa kulala. Mahali penye mama watatu, wapeane zamu. Anayebaki anapoteza siku ya soko, ndiyo, na wenzake wamkumbuke jioni kwa unga ao makaa. Lakini siku mbili zinazofuata atauza na moyo mtulivu.

Kuna mambo ambayo hata jirani mwema haondoi. Mbabula isiachwe na moto. Mtoto wa miaka tisa asiachiwe kitoto kinachonyonya. Asitumwe kutafuta kuni pembeni ya mji. Chuma asichokijua asikiguse. Saa kumi na mbili jua likizama, wote wawe ndani.

Kabla ya kufunga mlango, mzazi aulize maswali matatu: ukiungua, unakwenda kwa nani? Mtu usiyemjua akikuita, unakwenda kwa nani? Ukisikia risasi, unakwenda kwa nani? Mtoto akijibu kwa kutaja jina na nyumba, na mwenye nyumba hiyo anajua, anaweza kubaki saa chache. Akijibu, "Nitamtafuta mama," bado, hata kama ana miaka kumi na miwili. Hapa kwetu watoto wengi walipotezana na wazazi kwa sababu kila mmoja alikimbia kumtafuta mwenzake.

Mtoto haachwi na ufunguo. Anaachwa na mtu.