Dereva, hiyo flashi inatuhusu sisi wote

Vijana wenzangu, najua kuna watu watasema hii si mada. Chakula kimepunguzwa, watu wanasubiri karatasi miaka, na wewe unaandika juu ya muziki wa ndani ya gari? Ndiyo, naandika juu ya muziki wa ndani ya gari.

Gari inayotoka Nakivale kwenda Mbarara imebeba nani? Hesabu kiti kwa kiti. Mama Mkongomani na mizigo yake ya soko, Mrundi anayepeleka mtoto hospitali, Mnyarwanda, Msomali mwenye duka. Munyamulenge na Mubembe wamekaa goti kwa goti. Kule nyumbani mmoja angemkimbia mwenzake, hapa wanabanana kiti kimoja ju gari imejaa. Halafu dereva anachomeka flashi yake, na kwa flashi kuna zile nyimbo. Munazijua. Zile zinazotumwa kwa WhatsApp, zenye kusema kabila fulani si watu wa nchi, warudi kwao, ni nyoka. Zinapigwa safari nzima. Nilishaona mama mmoja anafunika masikio ya mtoto wake na kitenge, bila kusema neno. Angesema nini? Nauli alishalipa, na kushuka pale ni porini, kwa ng'ombe.

Ukimwuliza dereva, jibu lake ni moja: gari ni yangu, flashi ni yangu, asiyetaka anunue yake. Sawa, gari ni yako. Masikio ya watu uliowatoza nauli ni ya nani?

Wengine wanasema, «Aa, mimi nasikiliza mdundo tu, maneno siyafuati.» Hilo ndilo linanikasirisha kabisa, ju sisi watu wa Maziwa Makuu hatuna ruhusa ya kusema hivyo. RTLM ya Rwanda ilianza kurusha matangazo Julai 1993. Vijana waliipenda kwanza kwa sababu ya nini? Muziki. Ilipiga miziki mitamu ya Zaire, yaani ya kwetu, na katikati ya miziki ikapitisha matusi ya kuita watu mende. Na yule mwimbaji Simon Bikindi, mahakama ya Arusha ilimhukumu miaka 15 mwaka 2008. Haikumfunga kwa kutunga nyimbo. Ilimfunga kwa maneno ya kuchochea mauaji aliyoyasema kwa kipaza sauti barabarani, kati ya Kivumu na Kayove, mkoa wa Gisenyi, huko jirani na Goma, mwisho wa Juni 1994. Alikuwa kwenye msafara wa magari, na nyimbo zake zilikuwa zinapigwa. Gari, spika, wimbo, barabara. Usiniambie ni mdundo tu.

Sisemi madereva wetu ni wauaji. Wengi ni vijana kama sisi, wanatafuta pesa ya mafuta, na usingizi unawashika, muziki unawasaidia. Wapige! Rumba ipo, hata Msomali anatikisa kichwa. Kwaya pia, ingawa mimi mtu wa kwaya nasema tusiwalazimishe Waislamu safari yote. Na sauti ipunguzwe kidogo, ju siku hizi mtu anapiga kelele «shusha!» mpaka anapitishwa kituo chake, konda hajasikia kitu. Lakini sauti ni shida ndogo. Hata ikipigwa polepole, wimbo wa kumwita jirani nyoka unabaki vile vile.

Kwa hiyo tukiwa ndani ya gari, tuombe ubadilishwe. Mmoja akiomba peke yake ataambiwa analeta siasa. Watano wakiomba, konda atabadilisha mwenyewe, anataka nauli yetu ya kesho. Na asianze yule anayetukanwa. Mwenye kabila linalosifiwa kwenye wimbo ndiye afungue mdomo wa kwanza, aseme, «Kaka, toa hiyo, tuwekee ingine.» Yeye hakuna atakayemwuliza kwa nini imemwuma.

Na kabla ya kumwambia dereva, fungua simu yako, zifute zile ulizoweka. Dereva hana studio. Flashi yake tunaijaza sisi abiria.