Muuguzi wa Wagonjwa wa Akili Naye Atunzwe

Mwalo wa Kirumba, hapa Ilemela, hupokea dagaa na sangara kutoka visiwani kila siku. Mara nyingine mashua hizo hizo huleta mgonjwa aliyefungwa kamba, pamoja na jamaa ambao hawajalala siku kadhaa. Macho ya watu humwelekea mgonjwa. Ni wachache wanaojiuliza habari za yule atakayemfungua, amwogeshe, avumilie matusi yake na kukesha naye. Huyo ni muuguzi wa wagonjwa wa akili, na leo tunataka kumsemea.

Wengi hudhani taabu ya kazi hiyo ni hofu ya kupigwa. Hofu ipo, wala hatuipuuzi. Lakini taabu kubwa zaidi ni kuona kazi ya miezi ikibomoka. Chukua mfano wa kijana mvuvi wa Ukara. Analazwa Bugando, anatulia kwa dawa na maneno mema, anaanza kumwulizia mama yake, anaruhusiwa kurudi nyumbani. Kisha ziwa linachafuka, au nauli inakosekana, au jamaa wanasema amekwisha pona, dawa za nini tena; sindano yake ya kila mwezi inapita. Haupiti muda mrefu mashua inamrejesha akiwa amefungwa kama mwanzo, na anayempokea ni muuguzi yule yule aliyeagana naye kwa furaha. Mara ya kwanza muuguzi hulia. Mara ya tano halii tena, na hapo ndipo penye hatari, kwani mgonjwa amekwisha kuwa namba ya kitanda.

Tena kuna misiba ya ziwa lenyewe. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, wakafa watu zaidi ya 220. Aliyenusurika katika ajali ya namna hiyo aweza kuogopa maji kwa miaka, na riziki yake imo humo humo majini. Muuguzi humsikiliza, naye pengine ana ndugu yake aliyepotelea ziwani.

Hata hivyo tusiwaone wauguzi hawa kuwa watu wa kuhurumiwa tu. Kazi hii humkomaza mtu. Mzoefu hujua kwamba tusi la mgonjwa halimhusu yeye. Hushusha sauti mwenzake anapoipandisha. Huitambua hasira yake mwenyewe kabla haijafika mkononi. Sisi wa vikao vya siasa tungefaidika sana na elimu hiyo. Lakini ukomavu huo hauletwi na mateso matupu. Huja pale muuguzi anapopata mkubwa wa kumweleza yaliyomfika. Aliyeachwa peke yake huomba uhamisho, au hubaki kazini mwili tu.

Tangu Hospitali ya Mirembe ilipoanza kule Dodoma mwaka 1927, wauguzi wamehimizwa kuwa na subira. Subira ni jambo tukufu, nasi tuliolelewa chuoni tulifundishwa hivyo tangu utotoni. Lakini subira ya mtu mmoja haiwezi kufanywa kuwa mpango wa Serikali.

Kwa hiyo tunawaomba waganga wakuu na wakurugenzi wa halmashauri, Ilemela na Ukerewe, waandike ndani ya zamu saa moja kila wiki, wauguzi hawa waketi na mkubwa wao wa taaluma, waseme yanayowaelemea bila hofu ya maneno yao kuingia katika majalada. Aliye peke yake katika zahanati ya kisiwani apigiwe simu kwa siku maalumu. Aliyepigwa zamuni apumzishwe siku ile ile, asisubiri kibali.

Nanyi ndugu zetu wa visiwani, ziwa likichafuka, toeni habari zahanati kabla siku ya sindano haijapita. Na mkimleta mgonjwa, msiondoke na mashua ya jioni. Kaeni, mwelezeni muuguzi jina analopenda kuitwa mtu wenu, kazi aliyokuwa akiifanya, na kinachomtuliza.