Printa ya Tanki: Mdada wa Mjini Kaonyesha Raha, Kazi Kaiacha Nje ya Video

Wiki hizi mbili watu wa mitandaoni hawana jingine, ni printa ya mdada mmoja wa mjini, yule aliyeanzia kwenye kupamba maharusi na sasa anauza mafuta ya mwili yenye jina lake. Video yenyewe fupi tu. Printa iko juu ya meza ya kioo, mirija minne ya rangi inaingia ubavuni, lebo zinatoka moja baada ya nyingine, na mwenyewe anatamba kwamba kuanzia leo stesheneri hazili tena hela yake. Kesho yake vijana kibao wakaanza kuulizana printa za namna ile zinauzwa wapi Kariakoo.

Siku chache mbele wateja wake wakaanza kuposti chupa. Lebo zimechuja, jina halisomeki, ua la waridi limegeuka doa la zambarau. Mtu akishika chupa na mkono wenye maji, rangi inahamia kiganjani. Watu wakacheka mpaka basi, mdada akaifuta video, na kuanzia hapo wimbo wa mjini ukawa mmoja: printa za wino wa mirija ni utapeli.

Si utapeli. Tena kwa mtu mwenye kazi za kuprinti kila wiki, hakuna kitu cha nyumbani kinachookoa hela kama hicho. Kosa la mdada ni kuonyesha wafuasi wake nusu ya kitu, ile nusu tamu, na nusu iliyobaki ndiyo inayoamua kama mtu atapata faida au atabaki na boksi la plastiki lenye wino mkavu.

Hesabu kwanza. Zipo katriji ndogo za printa za bei poa ambazo mweusi wake hutoa kurasa kama 120. Printa yenye tanki kama Epson L3110, chupa ya mweusi inakadiriwa na kiwanda kurasa 4,500, na chupa tatu za rangi kwa pamoja kurasa 7,500. Yaani chupa moja inafanya kazi ya katriji 37. Makadirio hayo ni ya kurasa zenye maandishi na rangi kiasi, kwa hiyo anayejaza karatasi nzima kwa picha asije akalia kuwa kaibiwa. Hata hivyo tofauti bado ni kubwa mno, na ndiyo maana mafundi wa mitaani walianza kutoboa printa za katriji na kuziunganishia matanki kabla viwanda havijaamka. Indonesia mchezo huo ulikuwa umeshika kasi, na ndiko Epson walikoanzia kuuza printa zao za tanki mwaka 2010, L100 na L200. Canon na HP wakafuata na za kwao.

Kwa hiyo sokoni kuna vitu viwili vinavyoitwa jina moja, na hapa ndipo wengi wanapopigwa. Kuna printa iliyotoka kiwandani na tanki lake, na kuna printa ya katriji iliyofungwa mirija na fundi. Ya mdada ilikuwa ya pili, mirija yenyewe ilionekana wazi. Bei yake inavutia, lakini ina masharti kama ya mganga. Matanki ya nje lazima yakae usawa mmoja na printa. Yakiwekwa juu, wino unashuka wenyewe na kumwagika ndani. Yakiwekwa chini, wino unashindwa kupanda na mirija inajaa hewa. Kwenye ile video matanki yalipandishwa juu ya boksi ili rangi zionekane vizuri kwenye kamera! Kila tanki pia lina kitundu cha kupumulia, na kikisahaulika kufunguliwa, kurasa chache tu wino unagoma kutembea. Bado chipu. Printa nyingi za katriji hazipimi wino wenyewe, zinahesabu kwa chipu, na fundi anaweka ya kujirudisha sifuri. Siku mwenye mali anairuhusu printa ijisasishe kwa intaneti, inaweza kuamka asubuhi ikakataa chipu zote.

Mwenye hela ya kutosha achukue ya kiwandani, hakuna haja ya mjadala mrefu. Mwenye hela ndogo anayetaka ya kuunganishwa, basi awe karibu na fundi aliyeifunga, na awe mtu wa kufungua, kukagua na kuchafuka mikono. Mdada mwenye kucha ndefu za kubandika na ratiba ya saluni kila Ijumaa, mmh.

Halafu kuna watu ambao hawahitaji printa hii kabisa. Mwanafunzi anayeprinti CV mara tatu kwa mwaka aende stesheneri, hela yake itamtosha hadi apate kazi. Anayeprinti maandishi meusi tu, mikataba, mitihani ya tuisheni, risiti, huyo leza inamfaa zaidi. Tona ni unga, printa ikikaa miezi mitatu bila kuwashwa hakuna kinachokauka. Wino wa maji hauna uvumilivu huo.

Hilo la kukauka ndilo lililommaliza kijana mmoja wa Mbagala, MC anayechipukia ambaye wengi wanamjua kwa vichekesho vyake vya kwenye send-off. Yeye hakununua kwa sifa. Alikopa kwenye kikoba cha mama yake, akachukua printa ya tanki iliyotumika, akawa anaprinti kadi za michango na programu za ibada kwa maharusi walewale anaowasherehesha. Wazo zuri sana, na miezi ya mwanzo hela iliingia. Ikaja Kwaresima. Harusi za kanisani zikapungua, printa ikafunikwa kitambaa, wiki sita haijaguswa. Baada ya Pasaka akapokea kazi ya programu 200 za ndoa ya Jumamosi, naye akaziacha mpaka Ijumaa jioni kwa sababu mashine ipo, wasiwasi wa nini?

Bluu haikutoka. Njano ikatoka mistari mistari. Kijana akabonyeza amri ya kusafisha hedi mara moja, mbili, kumi na kitu, usiku kucha. Kila usafishaji unavuta wino kutoka kwenye tanki na kuutupa kwenye sponji iliyo ndani ya printa, na printa inahesabu. Alfajiri sponji ikahesabiwa kuwa imejaa, taa zikaanza kupepesa, mashine ikagoma moja kwa moja. Saa mbili asubuhi alikuwa mlangoni kwa stesheneri aliyokuwa akiikejeli, akalipa bei ya dharura kutoka mfukoni. Ibada ilipata programu zake. Rejesho la kikoba mwezi ule halikulipwa, na aliyetozwa faini mbele ya wenzake ni mama.

Watu wanaomcheka kijana huyu waulizwe kama waliwahi kuambiwa na yeyote wa mitandaoni afanye nini. Ni mambo madogo. Kila wiki, kazi iwepo isiwepo, inaprintiwa karatasi moja yenye rangi zote nne ili wino upite kwenye vitundu vya hedi. Printa inazimwa kwa kitufe chake, siyo kwa kuchomoa ukutani, kwa sababu kitufe ndicho kinachoirudisha hedi mahali inapofunikwa isikauke. LUKU ikiisha katikati ya kazi, hedi inabaki wazi, basi umeme ukirudi printa iwashwe imalizie safari yake hata kama ni usiku. Rangi ikikosekana, isafishwe mara mbili au tatu, iachwe ipumzike saa kadhaa au mpaka kesho, ndipo ijaribiwe tena. Mara nyingi hewa iliyokwama na wino ulioganda vinalegea vyenyewe kwenye mapumziko hayo. Ule usafishaji mkubwa unaotengenezewa baadhi ya printa unakula wino balaa, na unataka kila tanki liwe na walau theluthi moja, kwa hiyo uwe wa mwisho kabisa. Ile sponji nayo si siri ya kiwanda. Kwenye printa za karibuni baadhi zinakuja na boksi ambalo mtu anabadilisha mwenyewe, na za zamani fundi anabadilisha sponji kisha anarudisha hesabu sifuri. Anayerudisha hesabu bila kugusa sponji anaandaa bwawa la wino juu ya meza ya mteja.

Wino usishuke chini ya mstari wa mwisho wa tanki, hilo nalo watu wanalichukulia poa. Kwa Canon na HP matone yanarushwa kwa joto, na wino wenyewe ndio unaopoza hedi, kwa hiyo kuprinti na mirija mitupu ni kuiunguza. Epson wanarusha kwa msukumo usio wa joto, ila hewa ikishaingia kwenye mirija usumbufu wa kuitoa ni uleule. Afadhali pia ijulikane kwamba printa nyingi za Canon za familia ya G hedi yake inanunuliwa na kubadilishwa nyumbani, wakati ya Epson ni kazi ya fundi na bei yake inaumiza.

Na zile lebo zilizochuja? Mirija haihusiki. Wino wa rangi unaowekwa kwenye printa nyingi za nyumbani unayeyuka kwenye maji, unang'aa kwenye picha lakini unakimbia ukiloa. Wa pigmenti una chembechembe zinazobaki kwenye karatasi, ndio unaostahimili maji. Lebo ya chupa inayokaa bafuni ilitakiwa wino wa pigmenti kwenye printa inayouruhusu, au stika ya plastiki inayofaa wino huo ikafunikwa na karatasi ya kung'aa juu. Kilichokuwa rahisi zaidi ni kumpelekea mtu wa lebo afanye kazi yake. Kitu ambacho hakitakiwi ni kumwaga pigmenti juu ya mabaki ya wino wa kwanza, maana zikigombana humo ndani hedi inaziba. Hali ni hiyohiyo kwa wanaotaka kuprinti vikombe na fulana kwa wino wa sablimesheni. Printa ikishapewa wino huo ibaki nao, isirudishwe kwenye kadi za harusi.

Kwa wanaokwenda Kariakoo wikiendi hii, printa iliyotumika isibebwe kabla haijatoa karatasi ya majaribio palepale dukani, mistari ya rangi zote nne ikiwa imekamilika. Wauzaji wengine watasema umeme hakuna, au wino utawekwa nyumbani. Hao wanapitwa tu, mtaa wa pili wapo wenye umeme. Na ikishanunuliwa ikiwa na wino tankini isilazwe kwenye bodaboda kama mkungu wa ndizi. Ipande bajaji, isimame wima, vifuniko vimebanwa, na zile zenye kifungo cha kusafirishia kifungwe kwanza.