Dhahabu ya Kolo na Senti za Wazee

Kolo, katika Wilaya ya Kondoa, inajulikana ulimwenguni kwa michoro yake ya miambani, ambayo mwaka 2006 iliingizwa katika Urithi wa Dunia. Lakini chini ya baadhi ya miamba ya eneo hilo yamechimbwa mashimo yasiyo ya wataalamu wa mambo ya kale. Ni kazi ya watu wanaotafuta dhahabu isemekanayo kuwa ilifichwa na Wajerumani. Wanaharibu udongo uliohifadhi maisha ya wahenga wetu kwa tamaa ya masalio ya mtawala. Hiyo ni kasumba, na haina budi ikemewe.

Ni kweli kwamba mwaka 1916 Wajerumani walipiga sarafu za dhahabu za rupia 15 huko Tabora. Hapo hapo Tabora walipiga pia sarafu za shaba za hela 20. Dhahabu haikuwa fedha ya mkulima. Mkulima alishika hela, iliyoletwa mwaka 1904 badala ya pesa: rupia moja ilikuwa pesa 64, ikawa hela 100. Sarafu hizo zimekufa zamani, lakini majina yake tunayatamka kila siku sokoni.

Akaja Mwingereza na ndururu, senti tano yenye tundu lililozungukwa na pembe za ndovu. Kisha, mwaka 1966, taifa huru likatoa sarafu zake: senti 5 yenye samaki, senti 20 yenye mbuni, senti 50 yenye sungura, na upande wa pili sura ya Mwalimu Nyerere. Thamani ya shilingi iliposhuka, senti hazikuweza tena kununua kitu, zikatoka mikononi mwetu.

Ziko wapi leo? Nyingine zimelala chini ya masanduku ya bibi zetu. Nyingine zimekuwa michezo ya watoto, au zimepimwa kwa kilo pamoja na vyuma chakavu na kuyeyushwa. Anayeuza hivyo hulipwa bei ya chuma tu. Historia huitoa bure.

Wako watakaodai kwamba senti hailishi mtu. Je, hayo mashimo ya Kolo yamemlisha nani? Senti ililipa chumvi, kibiriti na daftari la mtoto. Ni ushahidi wa jasho la watu wasioandikwa vitabuni.

Basi kila shule ya msingi na itenge sanduku la sarafu za kale. Wanafunzi wawaendee wazee na kuandika majina ya sarafu hizo na vitu zilivyonunua. Kazi hiyo haihitaji mfadhili wala jembe. Inahitaji ianze sasa, kwa maana wazee walioishika ndururu wanapungua kila mwaka, na sarafu isiyo na msimulizi ni kipande cha chuma tu.